Kikohozi cha Muadhini Wetu



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Makala haya tunayaandika kwa niaba ya kamati ya msikiti wetu hapa Nalasi, mkoani Ruvuma. Tunayaandika kwa ridhaa ya mwenye habari, ambaye ametuomba jambo moja tu, kwamba tusimtaje jina. "Jina la nini?" alituambia. "Anijuaye ananijua kwa sauti." Kisha akacheka, na kicheko kikamkatikia kifuani.

Huyu ni mzee aliyekuwa muadhini wetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Vijana humwita ambuje, kwa heshima tunayowapa wakubwa katika Kiyao, na wengi wetu katika kamati tulijifunzia alifu na be uani kwake. Kabla msikiti haujapata kipaza sauti, adhana yake ya alfajiri ilifika mpaka kwenye mikorosho iliyo nje ya kijiji, na mwenye kulala shambani alijua saa kwa sauti hiyo. Habari tunayotaka kuieleza ni ya namna sauti ile ilivyotutoka, na sehemu yetu sisi wenyewe katika jambo hilo.

Ilikuwa Julai 2021. Wenye mikorosho wanaujua msimu huo: ni wakati wa kupuliza salfa ili maua ya mkorosho yasiharibiwe na ubwiri unga. Vumbi la manjano hutanda hewani na kila nyumba hukohoa. Mzee alikuwa anakohoa tangu Juni, na hakuna aliyeshtuka, wala yeye mwenyewe. Alisema ni salfa, nasi tukasema ni salfa. Mwezi huo huo wimbi jipya la ugonjwa wa korona lilikuwa limeenea nchini. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam na kuzindua chanjo kwa taifa zima. Wiki moja kabla ya hapo tulikuwa tumeswali Idi el-Haji, na mtoto wa mzee alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kula sikukuu na wazazi wake. Alikuja na homa. Haikupita wiki mzee naye akashikwa: mwili ukamuuma, pumzi ikambana, na harufu ya udi aliyoizoea maisha yake yote akawa haisikii tena. Tabibu aliyemwona alisema dalili hizo ni za korona. Akamtaka apumzike nyumbani, ajitenge na watu, na arudi asipopata nafuu.

Kamati ilikutana jioni ile ile. Tuliamua kwamba mzee asifike msikitini mpaka apone, na kwamba kijana mmoja ashike adhana kwa muda. Katika hilo tunaamini hatukukosea. Sharia imemuondolea mgonjwa ulazima wa Ijumaa na jamaa. Mtume (s.a.w.) alimtaka hata aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti ili asiwaudhi wenziwe, seuze mwenye maradhi ya kuambukiza. Pia alikataza mwenye wanyama wagonjwa asiwachanganye na wazima. Tangazo tuliliandika vizuri, likasomwa baada ya swala ya Ijumaa, na watu wakalipokea.

Kosa letu lilikuja baada ya tangazo. Kumzuia mgonjwa asije kwetu kulitusahaulisha kwamba sisi tunapaswa kwenda kwake. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Hilo tumelisoma chuoni, tumelifundisha madrasa, tumelitaja mimbarini. Tungeweza kusimama uani, mbali kidogo, tukamuuliza hali yake kupitia dirishani. Badala yake tulituma unga na sukari kila Ijumaa, ukapokelewa mlangoni, na mtumwa akarudi na salamu kwamba mzee anaendelea. Neno hilo lilitutosha. Anaendelea kupona au anaendelea kuumwa, hakuna aliyeuliza.

Homa ile ya kwanza ilipungua baada ya siku kumi hivi, na kunusa kukamrudia. Kikohozi hakikumtoka. Wiki ya tatu ilipita, ya nne, ya tano. Usiku alitoka jasho mpaka shuka linalowa, na mkewe akawa analianika kila asubuhi kwenye kamba, mbele ya macho yetu sote tupitao njia ile. Kanzu zake zikaanza kumpwaya. Kila dalili ilipata maelezo, na maelezo yote yalitoka katika jina lile lile moja. Jasho, tukasema ni korona inatoka. Kukonda, tukasema korona imemkausha. Kikohozi, tukasema ni mabaki ya korona, na kama si korona basi ni salfa, na kama si salfa basi ni umri. Alifukizwa nyungu, akanywa tangawizi na ndimu, akanunuliwa vidonge dukani, mara hivi mara vile. Nyumba ile ina chumba kimoja cha kulala watoto, na mjukuu wake wa kike, wakati huo ana miaka minne, alikuwa halali ila kwenye mkeka wa babu yake.

Aliyetuzindua ni dada mmoja wa darsa la akina mama, ambaye pia ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika jamii. Alipita kumjulia hali mke wa mzee katikati ya Septemba, akaliona shuka kwenye kamba, akauliza maswali matatu. Anakohoa tangu lini? Anatoka jasho usiku tangu lini? Amewahi kupimwa makohozi? Majibu yalikuwa: tangu Juni, tangu wiki nyingi, na hapana. Kesho yake mzee alipandishwa pikipiki kwenda kupimwa. Majibu yalipotoka, alikuwa na kifua kikuu, na kwa hesabu ya siku, alikuwa nacho kabla korona haijamfika.

Tulipoletewa habari ile tuliduwaa. Mmoja wetu akasema, "Lakini si tuliambiwa ni korona?" Dada yule akajibu bila ukali wowote: "Iliwezekana kuwa korona. Ndugu zangu, magonjwa hayapangi foleni."

Tangu siku hiyo tumelifikiria sana neno lake, na mfano uliotukaa ni wa kifiqhi. Mtu mwenye kanzu iliyoingiwa na najisi mahali pawili, kwenye pindo na kwenye mkono, akaosha pindo akasahau mkono, kanzu yake haijatwaharika. Alichoosha amekiosha kweli, wala hakudanganya. Ila najisi ya pili haikuondoka kwa kuwa ya kwanza imeondoka. Ndivyo ilivyo kwa mwili. Tabibu aliyemwona mzee Julai hakusema uongo. Sisi ndio tuliofanya jina la ugonjwa mmoja kuwa kufuli, tukalifunga jambo, tukaweka ufunguo mfukoni.

Jambo hili si geni duniani, na hata Ruvuma si geni. Wazee wetu walihadithiwa na wazee wao habari za vita vya Wajerumani na Waingereza. Mwishoni mwa Septemba 1918, jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, lililokuwa limeingia Msumbiji mwaka mmoja kabla, liliuvuka tena mto Ruvuma kurudi upande wetu, likapita jirani na Songea kuelekea kaskazini. Askari na wapagazi wake wengi walikuwa wanaumwa mapafu. Hiyo ndiyo miezi ambayo mafua makali ya mwaka 1918 yalikuwa yanaizunguka dunia, na yaliikumba Tanganyika ikiwa imechoshwa na vita, njaa na kubebeshwa mizigo. Duniani kote inakadiriwa kwamba watu wasiopungua milioni 50 walikufa.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mafua yale yaliwaua peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza upya vipande vya mapafu ya marehemu wa 1918 vilivyokuwa vimehifadhiwa, pamoja na taarifa za uchunguzi wa maiti za zama zile. Waliona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa na nimonia ya bakteria juu ya mafua. Kirusi kilifungua mlango, bakteria wakaingia wakamaliza kazi. Na wakati ule penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ilingojea mpaka 1928.

Namna yenyewe inavyotokea ni rahisi kuielewa. Njia ya hewa ya mwanadamu imetandikwa ndani kwa utando wenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Vinyweleo hivyo hufagia usiku na mchana, vikipandisha juu vumbi na vijidudu mpaka vitemwe au vimezwe. Kirusi cha mafua hushambulia utando huo na kuuchubua. Ufagio ukishavunjika, bakteria ambao pengine walikuwa wamekaa puani na kooni miezi mingi bila kumdhuru mwenyewe hushuka mpaka mapafuni. Ndiyo maana kuna mgonjwa anayepata nafuu ya mafua, siku ya tano au ya saba akakaa kitandani akala uji, familia ikashukuru, kisha homa ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo pamoja na kichomi na pumzi za haraka. Homa inayorudi baada ya nafuu ni ishara ya kukimbilia hospitali, si ya kuongeza tangawizi. Kwa watoto wetu, moja ya rehema tulizonazo ni chanjo ya kuzuia nimonia ya bakteria aina ya nyumokokasi, ambayo nchi yetu iliiingiza katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa mwaka 2013. Mzazi anayeacha dozi za mtoto wake zipite anauacha mlango huo wazi.

Kifua kikuu kina njia yake nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamebeba vijidudu vyake mwilini, na wengi wao hawataumwa kamwe, kwa sababu kinga ya mwili imevifungia. Kinga ikidhoofika, kwa virusi vya UKIMWI, kwa kisukari, kwa njaa, kwa uzee, vijidudu huamka. Kisha dalili zake, yaani kikohozi, homa, uchovu na kubanwa pumzi, zinafanana sana na za korona, hata moja ikajificha nyuma ya nyingine. Utafiti uliofanywa mwaka 2020 katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, ulionesha kwamba aliyekuwa na korona pamoja na kifua kikuu alikabiliwa na hatari ya kufa takriban mara 2.7 ya asiye na kifua kikuu, na mwenye virusi vya UKIMWI takriban mara mbili ya asiye navyo. Mwaka huo huo, dunia ilipokuwa inaitazama korona peke yake, wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa na kuandikishwa walipungua kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8. Ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni waliopimwa. Mzee wetu angalihesabiwa mwaka uliofuata katika kundi hilo la wasioonekana, lau si shuka kwenye kamba.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya korona tu, tukaona yamepita. Kwetu jina linalofunga milango mingi zaidi ni malaria. Mtoto akichemka, malaria. Mama akiumwa kichwa, malaria. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa kwenye vituo vya matibabu Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye magonjwa ya vimelea, malaria ikiwemo, walikuwa karibu mmoja tu katika kumi. La kushangaza zaidi ni kwamba asilimia 22.6 walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Kaskazini mwa nchi, uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, na walioumwa malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Hapa kwetu kusini malaria ni nyingi kuliko huko, na haifai mtu asome takwimu hizi kisha aache kupima malaria. Funzo ni kwamba hata kipimo cha malaria kikionesha ipo, na mtoto anahema kwa haraka na mbavu zinaingia ndani, malaria hiyo haikanushi nimonia. Mwambie tabibu yote mawili.

Upo upande wa pili ambao nao tunapaswa kuusema, ili tusitoke kwenye kosa moja tukaingia katika jingine. Kwa kuwa magonjwa yanaweza kuwa mawili, wapo wanaoona njia fupi ni kumeza dawa za yote. Wakati wa korona dunia nzima ilifanya hivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba miongoni mwa waliolazwa kwa korona, asilimia 8 tu walikuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibayotiki, lakini waliopewa antibayotiki walikuwa karibu asilimia 75. Dawa isiyohitajika humfundisha kijidudu namna ya kuishinda, na siku itakapohitajika haitafaa. Vile vidonge alivyonunuliwa mzee wetu dukani, nusu dozi ya hiki na nusu ya kile, vingeweza kumpunguzia dalili kwa siku chache na kuuficha ugonjwa zaidi. Huko India mwaka 2021 maelfu ya wagonjwa wa korona, wengi wao wenye kisukari, walishikwa na fangasi hatari wa pua na macho, na matumizi makubwa ya dawa za steroidi yalitajwa katika sababu zake. Dawa hizo zimeokoa wagonjwa mahututi kwa mkono wa daktari. Zinapotumiwa ovyo huishusha kinga, na kinga ikishuka ugonjwa wa pili hupata nafasi.

Kati ya kufunga jicho na kumeza kila kitu, njia ya katikati ni kupima. Na hii ni njia ya maulamaa wetu tangu zamani. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mashuhuri aliyefariki takriban miaka 1,100 iliyopita, aliandika risala maalumu ya kupambanua ndui na surua, magonjwa mawili yenye homa na vipele ambayo watu waliyachanganya. Hakutosheka kusema mgonjwa ana vipele. Alitazama maumivu ya mgongo, hali ya pumzi, sura ya kipele, siku kilipotoka. Watu wa Kiislamu walimheshimu kwa kupambanua. Sisi tuliosoma majina ya watu hawa chuoni, tukajivunia kwamba ni wetu, tulishindwa kupambanua kikohozi cha wiki mbili na kikohozi cha wiki kumi na nne.

Mzee alianza dawa Septemba ile. Matibabu yake ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, na hutolewa bila malipo. Kinachohitajika ni mtu wa karibu wa kumtazama akimeza kila siku bila kukosa. Watanzania wengi hawajui kwamba utaratibu huo, ambao leo umeenea duniani, ulijengwa hapa nyumbani. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Dokta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na madaktari wetu kuonesha kwamba hata nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wake wengi, mradi dawa zisikosekane na mgonjwa asiachwe peke yake. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaipokea njia hiyo na kuieneza.

Mgonjwa asiachwe peke yake. Kamati iliona haya ilipolisikia sharti hilo. Tukapanga zamu. Kila baada ya swala ya alfajiri mmoja wetu alikwenda uani kwa mzee, akakaa nje mahali penye hewa, akamshuhudia akimeza vidonge vyake, akaandika alama kwenye karatasi. Hapakosekani maneno. Baadhi ya jamaa walisema zamu hiyo itauleta ugonjwa msikitini, na mmoja alimtaka mzee akabidhi kabisa ufunguo wa chumba cha kipaza sauti. Mabishano yale yalituumiza, na hatukuyamaliza kwa fatwa. Yalimalizwa na kipimo: baada ya miezi miwili makohozi yake yalipimwa tena, hayakuwa na kijidudu. Ijumaa iliyofuata alikaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, na yule aliyedai ufunguo ndiye aliyemtandikia mswala.

Mjukuu hakusalimika. Familia yote ilipochunguzwa, yule wa kwenye mkeka alionekana ameacha kunenepa na alikuwa na homa za jioni ambazo zote ziliitwa malaria. Alipelekwa kupigwa picha ya kifua, akaanzishiwa dawa kama babu yake. Alikuwa amechanjwa BCG alipozaliwa, na chanjo hiyo humkinga mtoto hasa na aina kali zaidi za kifua kikuu, lakini haizuii kila kitu. Mdogo wake wa miezi minane alikuwa mzima, akapewa dawa ya kinga. Mtoto yule alipona, alhamdulillah, na sasa anasoma shule. Lakini tumepiga hesabu. Lau tungeuliza maswali yale matatu wiki moja baada ya tangazo letu, mwanzoni mwa Agosti, pengine yeye angenusurika. Tumemwomba mzee radhi, tumewaomba wazazi wa mtoto radhi, nao wametusamehe. Mbele ya Mwenyezi Mungu bado tunaomba.

Yapo mambo ambayo kamati imeyaweka tangu wakati huo, na tunayaeleza kwa kuwa hayagharimu fedha na msikiti wowote unaweza kuyafanya. Yeyote tunayemwambia apumzike nyumbani, tunamwandika katika daftari, na mtu mmoja anatajwa kuwa dhamana wake. Dhamana huyo humzuru siku ya tatu na siku ya kumi, kwa kukaa nje akihitajika kukaa nje, na hauli jibu la mlangoni kwamba anaendelea. Huuliza amepungua nini na ameongeza nini. Kikohozi kikifika wiki mbili, mgonjwa hupelekwa kupimwa makohozi, iwe ameshapewa jina la ugonjwa mwingine au hajapewa, iwe ni msimu wa salfa au si msimu. Homa ikirudi baada ya nafuu, hupelekwa siku hiyo hiyo. Anayekwenda kwa tabibu tunamkumbusha aseme na maradhi yake ya zamani, kisukari au mengineyo, bila kuona haya. Akina mama wa darsa ndio wanaosimamia daftari, kwa sababu wao ndio waliotuonesha kwamba kamba ya nguo husema mengi kuliko salamu za mlangoni.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha tujitibu, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Tunapolitafakari fundisho hilo sasa tunaona kwamba maradhi mawili yana dawa mbili, na mwenye kutafuta moja tu hajamaliza kutafuta. Tawakkul haiko katika kutosheka na jibu la kwanza.

Mzee alimaliza dozi yake Machi 2022, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Tulimwomba aadhini alfajiri ya kwanza ya mfungo. Alisimama, akaweka mkono sikioni, akaanza. Alipofika kwenye shahada ya pili pumzi ilimuishia, akanyamaza, na kijana aliyekuwa pembeni yake akaendelea pale alipoachia. Madaktari walimweleza kwamba vijidudu vimekwisha, lakini makovu ya mapafu hayafutiki.

Siku hizi hukaa barazani mwa msikiti kabla ya kila swala, kijana akiadhini. Akiivuta herufi isiyovutwa, mzee hugonga fimbo chini mara moja, na kijana hujirekebisha. Mjukuu wake hukaa karibu naye akisubiri fimbo igonge, ili acheke.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atuzindue tusiache kuulizana hali.

Wabillahi tawfiq.